Mjomba Hasani, Mshika Mnyororo

Waingereza walimpa mjomba wangu Hasani kaptura ya kaki, naye akawapa bonde zima la Nakiwe. Sisemi kwa mafumbo. Ndivyo ilivyokuwa, na kaptura yenyewe ilikuwa imekwisha kuvaliwa na mtu mwingine.

Alizaliwa chini ya miinuko ya Rondo, mtoto wa kiume pekee wa bibi yangu Biasha. Kwetu Wamwera mjomba si mtu wa kuletea watoto miwa tu. Ardhi ya ukoo hupita upande wa mama, na mjomba ndiye mdomo wa ukoo: neno likizuka juu ya shamba, yeye ndiye husimama. Bibi alimlea Hasani kwa kazi hiyo. Yeye akakimbilia Lindi, akaokota Kiingereza cha jikoni kwa kumwoshea Mzungu mmoja sahani, akarudi nyumbani hawezi tena kula ugali wa mtama bila kukunja uso.

Miaka hiyo mkonge ulikuwa unatembea. Ulianzia karibu na bahari, ukapanda kuelekea magharibi, bonde baada ya bonde. Serikali ilikuwa imejitangazia kwamba nchi yote iko mikononi mwake, na kwamba itawagawia wenye mashamba makubwa zile sehemu tu zisizo na mtu. Ustaarabu ulioje! Ajabu ni kwamba kila walikofika hapakuwa na mtu, ingawa watu walikuwa wamesimama pale pale wakiwatazama.

Mwaka 1929 akaja kwetu Bwana Mpima na darubini yake ya miguu mitatu, mzigo wa vigingi na mnyororo mrefu wa chuma. Aliyeshika ncha ya mnyororo alikuwa Hasani. Kazi yenyewe ni kusimama ulipoambiwa usimame, lakini yeye alitembea kifua mbele, na wazee waliomtia jandoni aliwaita washenzi. Ilimpasa pia kutafsiri swali moja la Bwana Mpima: shamba hili ni la nani?

Kwetu anayeuliza hivyo anaomba pa kulima. Kumjibu "langu" ni kumfukuza, na ni uchoyo wa aibu. Mtu aliyelelewa akaleleka hujibu kwamba si lake, ni la wajomba waliotangulia. Hapo mgeni anajua amekaribishwa. Ataonyeshwa pa kufyeka, na akivuna mara ya kwanza atamletea mwenyeji kikapu cha mtama. Ndivyo Sebastiani, Mmakonde aliyevuka Ruvuma kukimbia kazi za shuruti za Wareno, alivyopata shamba bondeni kwetu. Hakuishia kwenye kikapu kimoja. Alileta kila mwaka.

Wapimaji walianza na yeye. "Mimi mgeni tu, bwana," akasema Sebastiani. "Mwenyeji wangu ni Mama Biasha."

Bibi alikuwa akipalilia mihogo. Alipomwona mwanawe na wageni alijifuta mikono kwenye kaniki, akatabasamu.

"Shamba hili la nani?" Hasani akamwuliza, kwa sauti ya kuazima.

"Si langu, baba. La wajomba zako waliotangulia. Karibuni."

"Hao wajomba wako wapi?" Mzungu akauliza kwa kinywa cha Hasani.

Bibi akawaonyesha makaburi yaliyokuwa karibu na msolo, ule mti tunaoumwagia unga tunapowaomba wazee wetu. "Wamelala pale."

Hasani akamgeukia Mzungu, akatafsiri: mwanamke anasema shamba si lake, na wenyewe wamekufa. Hakuongeza neno la uongo, na ndiyo maana namdharau kuliko ninavyomdharau mwongo. Adabu ile aliijua tangu kunyonya. Sentensi moja tu ingetosha kumweleza mpumbavu yule na darubini yake, naye hakuisema, maana Mzungu alikuwa na haraka na Hasani alipenda kuitwa hodari. Vigingi vikapigwa. Bibi akawachemshia mihogo, wakala wakashiba.

Mwaka uliofuata wakaja watu wenye mapanga. Mihogo iling'olewa, msolo ukaangushwa. Sebastiani aliambiwa achague, arudi kwa Wareno au akate mkonge. Akaukata, palepale kwenye shamba alilolifyeka kwa mikono yake. Jirani zetu wengi walihamia magharibi zaidi, wakaenda kuwabana Wangindo, ambao hawakuwa wamemkosea mtu. Bibi alikataa kuhama. Alikwenda kushtaki barazani kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, na mama yangu, Esha, akamsindikiza. Yeye ndiye aliyenisimulia yaliyobaki.

Hasani alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Bwana Shauri, mikono nyuma. Bibi akaitwa. Katika maisha yake yote alikuwa hajapata kulitamka neno lile, na siku hiyo alilitamka mbele ya wakwe na watani.

"Shamba ni langu," akasema. Mama anasema alisimama kama aliyevuliwa nguo.

Bwana Shauri alikijua Kiswahili. Akafunua karatasi zake. "Mwaka jana ulisema si lako. Siku gani ulidanganya, ile au leo?"

"Bwana, ile ni adabu yetu tu," mama yangu akadakia. "Mgeni akiuliza..."

"Wewe ni binti yake, lazima umtetee. Nataka neno la mtu wa serikali aliyekuwapo." Akamgeukia Hasani, asijue kwamba anamgeukia mtoto wa mwanamke yule yule. "Eleza wewe."

Baraza zima likamtazama. Jibu kila mtu alikuwa nalo, na yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kulitoa. Lakini akilitoa ataulizwa kwa nini alinyamaza siku ya vigingi, na huenda angevuliwa kaptura. Mjomba wangu, mdomo wa ukoo, akalipima jambo hilo kwa muda usiofika wa kumeza mate.

"Bwana," akasema, "mama huyu ni mzee. Husahau mambo."

Bwana Shauri akapiga muhuri, akaita kesi nyingine.

Bibi hakulia wala hakulaani. Alikwenda kusimama nje, penye ngazi, akasubiri. Hasani alipotoka, karatasi za Mzungu kwapani, watu wakampisha, na Bibi akapiga magoti mavumbini mbele ya mtoto aliyemzaa.

"Shikamoo, bwana," akamwambia.

Na Hasani, kwa kuwa siku hizo alikwisha kuzoea kuamkiwa, akajibu, "Marahaba," akapita.