Fundi Bobini Azamia Meli

Alikuwepo fundi mmoja wa cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, aliyekuwa na ugonjwa wa kuuliza. Ukimpelekea cherehani inayoruka mshono, kwanza atataka kujua uliinunua wapi, aliitumia nani kabla yako, na ilishona nini mara ya mwisho kabla haijaharibika. Wateja wengine walichoka, wakaiacha mashine mezani na kujiondokea. Lakini walirudi, maana mkono wake ulikuwa haukosei. Na kwa kuwa alikuwa mfupi, wa duara, asiyetulia mahali pamoja, mtaa mzima ulimwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mlangoni ulipokewa na harufu ya mafuta ya mashine, kisha meza ya mbao iliyolika katikati, kisha makopo ya maziwa yaliyojaa skrubu, kila kopo na ukubwa wake.

Asubuhi moja dereva wa pikapu alishusha magunia mawili mlangoni. Ndani mlikuwa na nguo nyeusi nzito za mpira, zipu zimekatika, magoti yamefumuka.

"Hizi nguo au matairi?" Bobini akauliza.

"Nguo za kuzamia, fundi. Bosi wangu ana kituo cha kufundisha watu kuzamia kule ziwani. Mafundi wa kwetu wameshindwa. Kila wakijaribu, sindano inakatika."

"Wanazamia kutafuta nini?"

"Kuangalia meli. Ilizama miaka sitini iliyopita, babu zetu wakiwa vijana. Watu walitoka wote salama, mzigo ndio ulikwenda na maji."

"Mzigo gani?"

Dereva alicheka. "Hapo ndipo utapapenda. Cherehani. Zimejaa kule chini kama mihogo shambani."

Bobini aliweka chini nguo aliyokuwa ameishika. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amefungua cherehani zilizoungua, zilizotafunwa na panya, moja iliyoanguka kutoka ghorofa ya tatu. Iliyolala majini miaka sitini hakuwahi kuiona. Je, chuma kimeliwa chote? Gurudumu linazunguka? Rangi ipo? Dereva hakujua hata moja. Ikabidi Bobini ampigie simu huyo bosi mwenyewe.

Bosi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, sauti nzito, mtu wa maneno machache. Wote kule walimwita Mwalimu. Alijibu swali la kwanza, la pili, la tatu. Kwamba ni maji baridi, hayana chumvi, kwa hiyo chuma hakiozi haraka. Kwamba tumbo la meli lilipasuka upande, mzigo ukamwagika mchangani, mita kumi na mbili kwenda chini. Kwamba mtu asiyewahi kuzamia anaweza kufika hapo akiongozana naye bega kwa bega. Kwenye swali la tisa Mwalimu akachoka.

"Mama, mbona usije ukaona mwenyewe?"

"Bei gani?"

Alipotajiwa, Bobini alizihesabu zile nguo kwa kidole. Kisha akasema, "Nguo ulizoniletea ni kumi na nne. Usinilipe. Nizamishe."

"Mara moja," Mwalimu akasema. "Mafunzo, vifaa na safari moja ya kwenda chini. Nauli na chakula juu yako."

"Tumeelewana."

Jioni ile, wakiwa mezani, alimwambia mumewe, karani wa stoo katika shule ya sekondari, mtu mpole aliyependa redio kuliko mazungumzo. Wifi yake alikuwepo pia, dada mkubwa wa mume, ambaye aliishi nyumba ya jirani na kula nyumba hii.

"Baba watoto," Bobini alisema, "nimeamua. Nataka kuzamia meli."

Wifi alidondosha kijiko. "Ati nini? Kwa umri huo? Vijana wakizamia meli wanakwenda Ulaya kutafuta maisha, wewe unakwenda kutafuta nini? Utajificha wapi na mwili huo, ndani ya pipa?"

"Wifi, si kuzamia huko. Nazamia kweli. Meli yenyewe imeshazama."

"Basi umechelewa! Wenzio wanazamia meli zinazokwenda, wewe unazamia iliyokwisha fika!"

Mume alicheka mpaka akazima redio. Alipomaliza aliuliza jambo moja tu: "Unajua kuogelea?"

Hakujua. Hapo ndipo mipango ilipoanzia.

Palikuwa na bwawa la kuogelea katika chuo cha ualimu, na mlinzi wa pale alikuwa na mke mshonaji. Cherehani ya mke ilifanyiwa matengenezo bure, na Bobini akaruhusiwa kuingia Jumamosi asubuhi kabla ya wanachuo kuamka. Siku za kwanza alikunywa maji mengi kuliko aliyoyaogelea. Wifi, ambaye alikuja "kushuhudia tu", alikaa ukingoni na kanga begani akitoa maelekezo, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuingiza zaidi ya mguu. "Piga miguu, wifi! Unakanyaga kama unaendesha cherehani!" Na kweli, alikuwa anakanyaga hivyo hivyo. Jumamosi ya saba alivuka bwawa kwa urefu, akarudi.

Mengine aliyapanga kwa kuuliza. Alimuuliza daktari wa zahanati kama moyo na mapafu yake vinafaa, akapewa cheti. Alimuuliza mkata tiketi wa basi siku ambayo nauli hushuka, akaambiwa Jumanne. Alimuuliza Mwalimu ni lini wageni huwa wachache, akajibiwa: wakati wa mvua, lakini maji yanakuwa kama chai ya maziwa, huoni hata mkono wako. Na lini maji ni safi? Kiangazi, ila vitanda vyote vimejaa na bei iko juu. Bobini hakuridhika. Akauliza kati ya mvua na kiangazi kuna nini. Mwalimu akafikiri. Akasema kuna kama siku kumi, matope yakishatulia na wageni hawajaanza kuja. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Katika siku hizo angeweza kumpa chumba cha nyuma, inamolala mitungi ya hewa, bila malipo, mradi asisumbuliwe na harufu ya mpira.

Basi Jumanne iliyoangukia katika siku hizo Bobini aliondoka na mfuko wa viazi vya kuchemsha, mayai, mkate, na kikoba cha sindano nene alichozoea kutembea nacho. Nguo kumi na nne zilikuwa zimetangulia na pikapu.

Kituo kilikuwa jengo refu la mabati ufukweni, mbele baraza la saruji, ndani mitungi imesimama mistari kama wanafunzi. Mwalimu alikuwa mrefu, mkavu, nywele zimekatwa karibu na kichwa. Alizikagua nguo moja moja, akavuta kila zipu, kisha akasema, "Mama, hizi zimekuwa bora kuliko zilivyokuja mpya." Kesho yake akamfundisha siku nzima kwenye maji ya kifuani: kupumua kwa mdomo, kutoa maji kwenye miwani, kuziba pua na kupuliza taratibu ili masikio yasiume, na ishara za mikono, kwa kuwa chini hakuna maneno.

"Hakuna maneno kabisa?" Bobini aliuliza.

"Kabisa."

"Hilo ndilo litakaloniua, si maji."

Asubuhi iliyofuata mashua iliwapeleka mpaka kwenye boya. Ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya chupa ya kijani. Walishuka wakiishika kamba ya boya. Mita mbili, tatu. Bobini alisikia pumzi yake mwenyewe ikinguruma masikioni. Mita tano, sikio la kushoto likaanza kubana. Aliziba pua, akapuliza. Halikufunguka. Mita sita, maumivu yalimwingia kama mkuki. Chini yake aliona kivuli kirefu, cheusi, kimelala ubavu, na hamu ilimvuta ashuke hivyo hivyo. Mwalimu alimtazama machoni, akatikisa kichwa, akaelekeza kidole gumba juu. Walipanda kidogo, wakajaribu tena. Sikio lilikataa. Mara ya tatu Mwalimu hakumruhusu. Wakarudi juu.

Kwenye mashua Bobini alivua miwani akakaa akiangalia miguu yake. Safari moja, ndiyo walivyokubaliana, na safari ilikuwa imekwisha. Tiketi ya basi ilikuwa ya saa nane mchana.

"Uliharakisha," Mwalimu alisema. "Unashuka kama mtu anayewahi kitu."

"Nilikuwa nawahi. Nimekiona, mwanangu. Nimeona kivuli."

Walipofika ufukweni Mwalimu alikwenda nyuma ya jengo, akarudi akiburuta turubai la mashua lililochanika kutoka pembe hadi pembe. "Hili nimeambiwa halishoneki. Ukilishona leo, kesho nakushusha tena. Sikio likikataa kesho, basi, mimi siwezi kucheza na sikio la mtu."

Bobini alimpigia mumewe simu. Alimweleza habari ya sikio, ya turubai, na kwamba tiketi ya leo itapotea, hajui kama mkata tiketi atakubali kuibadilisha. Mume alimsikiliza hadi mwisho.

"Umefika mpaka wapi?" aliuliza.

"Mita sita."

"Imebaki nusu. Baki, mke wangu. Sisi hapa tunapika wenyewe. Dada ameshaunguza sufuria moja, haina neno."

Alishona turubai kwa mkono, amekaa sakafuni barazani, sindano ya mkunjo na uzi wa nta, mpaka vidole vikafa ganzi. Wakati huo huo alifanya zoezi la kuziba pua na kupuliza kidogo kidogo, mpaka dereva wa pikapu akamuuliza kama ana mafua.

Kesho yake walishuka polepole mno. Kila nusu mita Bobini alisimama, akapuliza, akasikia mlio mdogo wa sikio likifunguka, ndipo akaendelea. Mita sita. Mita nane, ubavu wa meli ukawa mbele yake, umevaa mwani wa kijani, na samaki wadogo wakiingia na kutoka dirishani kama watoto wa nyumba moja. Meli ilikuwa kubwa kuliko alivyofikiri. Alitaka kuuliza mlango ule unakwenda wapi, ngazi ile ilipandwa na nani. Akabaki kutoa mapovu.

Kisha wakafika mchangani, na zikawa pale. Makasha yalikuwa yameoza, cherehani zimebaki zimerundikana, nyingine zimefukiwa hadi shingoni. Mwalimu alimruhusu kugusa. Bobini alipangusa tope kwenye moja taratibu, kama anayeosha uso wa mgonjwa. Gurudumu lilikuwepo, na mpini wake. Alilisukuma. Halikuzunguka. Alipapasa kwenda mbele kutafuta bamba la chini, pale kitambaa kinapolala, na mkono wake ukakuta kitu kingine. Hapakuwa na bamba. Palikuwa na mkono mwembamba wa chuma, umechomoza mbele kama mdomo wa korongo. Akaenda kwenye ya pili, akapangusa. Mkono huo huo. Ya tatu, hivyo hivyo. Alimgeukia Mwalimu akaanza kupiga ishara ambazo hakufundishwa, akishika mguu wake mwenyewe, akionyesha pezi la mpira alilovaa, akishona hewani. Mwalimu alidhani amepatwa na kizunguzungu, akampandisha juu.

"Ni za viatu!" Bobini alipiga kelele kabla mpira wa hewa haujamtoka vizuri mdomoni. "Mwalimu, zile si za nguo! Ni za washona viatu! Ule mkono ni wa kuingia ndani ya kiatu!"

"Mama, miaka kumi na moja nawaambia wageni ni cherehani za majumbani."

"Umewadanganya miaka kumi na moja, mwanangu. Hukujua. Lakini kwa nini meli nzima ya mashine za viatu? Zilikuwa zinakwenda kwa nani?"

Mwalimu hakujua. Ila safari hii swali lilimshika naye. Bobini aliporudi nyumbani na kusimulia mpaka wifi akaomba apumzike, Mwalimu alibaki akiuliza mjini kwake. Wiki mbili baadaye alipiga simu. Alikuwa amempata mzee mmoja, karani mstaafu wa bandari, aliyejua kila kitu, na mzee alitaka kuzungumza na huyo fundi aliyezitambua.

Sauti ya mzee ilikuwa nyembamba lakini safi. Alisema ng'ambo ya ziwa kulikuwa kunajengwa kiwanda cha viatu. Kuta zilikuwa zimefika madirishani. Vijana arobaini walikuwa wameandikishwa, naye akiwa mmojawapo. Mashine zilipozama mwenye kiwanda hakuagiza nyingine, kuta zikaachwa, kila mtu akatafuta pake. Yeye akapata kazi ya kuandika mizigo bandarini, akaifanya mpaka kustaafu.

"Mama," mzee aliuliza, "zile mashine zinaendeshwa kwa mguu au kwa mkono?"

"Nilizozigusa ni za mkono, mzee wangu. Gurudumu lina mpini ubavuni. Unazungusha mwenyewe huku unageuza kiatu."

Mzee alimwomba arudie. Bobini akarudia neno kwa neno.

"Mguu wangu wa kulia ni mbovu tangu utotoni," mzee alisema hatimaye. "Nilijiandikisha bila kuwaambia. Meli ilipozama, watu walilia, mimi moyoni nilishukuru, nikasema afadhali, wangenifukuza siku ya kwanza. Miaka yote nimejua hivyo. Kumbe ni za mkono."

"Za mkono, mzee."

"Basi ningeiweza ile kazi."

"Ungeiweza," Bobini alisema. "Tena vizuri."