Jiwe la Selina

Brigita wa Mbulumbulu alisoma mpaka darasa la saba, ila majirani husema mdomo wake uliendelea mpaka chuo kikuu. Ana miaka hamsini na nne, analima ngano na maharage, na mtu akimchokoza hujuta kabla hajamaliza kuchokoza.

Jumamosi moja alikwenda kuiona nyumba ya setla, mlowezi wa Kizungu, kando ya ziwa. Tangazo la kanisani lilisema imegeuzwa makumbusho, na bustani yake sasa ni ya wananchi wote. Alifuatana na jirani yake Nasha, mama wa Kimaasai aliyehamia huku kutoka Ngorongoro. Langoni wakapokewa na mtembeza wageni, Nelson, baba mzima na kitambi chake, kofia pana kichwani utadhani anakwenda kuwinda.

"Karibuni akina mama. Piteni kwenye mawe, viatu visilowe."

Brigita akapiga hatua tatu, akaruka pembeni kama aliyekanyaga nyoka. Njia nzima, kutoka barazani mpaka majini, ilitandikwa mawe ya kusagia! Yamezikwa ardhini, matumbo juu, yamejaa maji ya mvua na tope la viatu vya watu.

"Nani kawaambia jiwe la kusagia linakanyagwa?" akafoka. "Kwetu mtoto akiliruka tu, anachapwa!"

"Ni mapambo, mama. Wageni wanayapenda mno."

"Wapambe kwa makaburi ya bibi zao!"

Akavua ndala, akapita kwenye nyasi, akiinamia jiwe moja baada ya jingine. Mbele ya baraza akapiga magoti. Jiwe hili lilikuwa limelika kombo, upande wa kushoto tu.

Mama yake, Selina, ndiye aliyebeba mawe ya kujengea baraza ile. Siku moja aliteleza na mzigo kichwani, mkono wa kulia ukavunjika, ukaunga vibaya. Setla akamhamishia kwenye kusaga mtama wa uji wa vibarua. Miaka kumi na mmoja alisaga akiegemea mkono wa kushoto. Siku alipofukuzwa alitoka na Brigita mgongoni, jiwe lake mwenyewe akanyimwa. Mpaka anakufa alikuwa akiliulizia, kama mtu anavyomuulizia ndugu yake.

"Hili la mama yangu," Brigita akasema. "Naondoka nalo."

"Haiwezekani, mama. Andika barua, kamati itakaa."

"Na barua mliyomwandikia mama kuliomba iko wapi? Ilete niisome, kusoma najua!"

Nelson akavua kofia, akajipepea.

"Mama Modest, punguza maneno," Nasha akamwambia Brigita. "Jembe la bustani lile pale."

Wakachimba wenyewe, kwa zamu. Nasha akafungua mkanda wa ngozi anaobebea kuni, wakalifunga jiwe. Akataka kulibeba, kwa kuwa mkanda wa kwenye paji la uso ndiyo kazi yake ya kila siku, lakini Brigita akamnyang'anya. Shingo ilimkaza, macho yakamtoka, akaenda.

"Mmeniachia shimo!" Nelson akapiga kelele. "Wageni wataanguka!"

Brigita hakugeuka.

"Waanguke! Mama yangu alianguka hapo hapo, na ninyi mkaendelea kujenga."