Cherehani Iliyokanyagwa Kinyume

Juzi ulipokanyaga hicho kikanyagio chako cha gitaa nami nikatoka nje mbio, ukawaambia wenzako ati mzee hapendi muziki wa kisasa. Nilikusikia! Masikio yangu ni mazima kwa kila kitu duniani isipokuwa sauti ya mtu mmoja, na hilo ndilo nataka kukueleza. Usinikatize. Kama ni kucheka, utacheka nikimaliza, ukiweza. Haya yalinifika mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu, na dada yangu Mwanakombo yu hai, nenda kamuulize.

Mtu huyo ni mama yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipoisikia sauti yake kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo aliishi miaka kumi na tisa, chini ya paa moja nami, akizungumza na majirani, akiimba huku akishona. Sikusikia hata neno moja.

Hiyo sauti ya gitaa inayozunguka, inayokwenda na kurudi, unadhani ninyi ndio mlioianza? Haya, sikiliza.

Ilikuwa kabla bendera haijabadilishwa, tukikaa Changamwe. Siku za kazi nilibeba magunia bandarini Kipevu, na Jumamosi nikipiga gitaa la umeme katika bendi ya mtaani. Kiongozi wetu, Bwana Athumani mpiga saksafoni, aliniita kando akanambia, "Yakhe, kuna kijana katoka Nairobi, gitaa lake lalia kana kwamba lazunguka chumba kizima. Watu wanamtaka. Jumamosi mtapiga nyote wawili, na atakayewachezesha watu ndiye atakayebaki."

"Na mimi nitaizungusha," nikamjibu. Mdomo huo! Sikujua hata pa kuanzia.

Wiki ile sikulala, sikula nikashiba. Nilikuwa kama mtu aliyekalia siafu. Niliazima spika ya bendi nikaiweka mbele ya feni, sauti ikakatikakatika tu. Nikaitia ndani ya pipa, ikawa ya mtu mwenye mafua. Alhamisi usiku nilikuwa nimekaa namtazama mama akishona, mguu wake ukikanyaga, gurudumu la cherehani likizunguka, pole, haraka, pole tena. Nikaruka. Nikitia ubapa wa bati kwenye gurudumu lile na spika nikaielekeza hapo, si sauti itazunguka? Na mguu si utaiendesha nipendavyo?

Lakini cherehani ya mama ilikuwa haiguswi. Ndiyo iliyotulea tangu baba alipofariki. Mama alishona kanzu na mabuibui ya mtaa mzima, na alikuwa na masharti mawili ambayo hakuyafanyia mchezo. La kwanza, gurudumu lizunguke mbele tu, kwa sababu likirudi nyuma uzi unakatika. Uliza fundi yeyote. La pili halikuhusu cherehani. Alikuwa akituambia, "Mkiitwa mchana wa jua kali na mwitaji hamumwoni, msiitike mara ya kwanza. Binadamu huita mara tatu. Wale wengine huita mara moja tu."

Mimi nimepewa jina la baba yake, basi hakuthubutu kunitaja jina. Aliniita "Baba". Akinitaka utasikia kutoka uani, "Baba wee! Baba wee! Baba wee!" na mtaa mzima wajua anayeitwa ni nani.

Ijumaa mama na Mwanakombo walikwenda Junda, kule Kisauni, matangani. Nikatuma salamu kazini kwamba tumbo laniuma. Saa saba wanaume wote wako msikitini, mtaa umenyamaza, nami, Mungu anisamehe, nimekaa chumbani kwa mama natoboa bati. Nikaifunga kazi yangu kwenye gurudumu, spika juu ya stuli, gitaa mapajani, mguu kwenye kikanyagio. Kulikuwa na kanzu nusu imeshonwa chini ya sindano, uzi bado umo. Nikasema sitaiharibu.

Nikapiga. Wapi! Sauti ikachechemea. Nilipokazia macho mguu, vidole vilipotea. Nilipofuata vidole, mguu ulisimama. Jasho lanitoka, Jumamosi ni kesho.

Mara nikasikia kutoka uani, "Baba wee!"

"Labeka!" nikaitika.

Niamini, hata sikuinua kichwa. Mdomo uliitika wenyewe, kwa mazoea. Sikukumbuka kuwa mama yuko Junda, na huwezi kwenda Kisauni ukarudi kwa muda ule. Sikungoja ya pili. Na ya pili haikuja.

Akaingia, buibui limemfunika mpaka usoni kama mtu atokaye msibani. Alinisogeza mguu kwa mkono wake, mkono wa baridi, akavuta kiti akakaa kwenye cherehani. Akaanza kukanyaga.

Ee bwana we! Sauti ilifunguka. Ilitoka kwenye spika, ikapanda ukutani, ikapita nyuma ya kisogo changu, ikarudi. Nikawa nasikia magitaa mawili, moja langu na jingine likilifuata nyuma kidogo tu, yakikutana yanazama, yakiachana yanang'aa. Kila ninachokijua kuhusu sauti hii nilifunzwa na mguu ule. Kwa wimbo wa huzuni, pole mpaka msikilizaji ashuku masikio yake. Kwa dansi, haraka, lakini si wimbo mzima; kanyaga pale mwimbaji anapovuta pumzi, kisha acha. Nyuzi nene usiziguse, zitageuka uji. Ninyi mnakanyaga tangu mwanzo hadi mwisho, halafu mnashangaa watu wanaumwa na kichwa!

Nilicheka peke yangu kwa furaha. "Mama, umejuaje?" nikauliza, nikamtazama mguu.

Ulikuwa ukikanyaga kinyume. Gurudumu linarudi nyuma, na uzi haukatiki. Nikatazama sindano. Ile kanzu ilikuwa ikifumuka. Mishono aliyoishona mama ilikuwa ikitoka mmoja mmoja, na uzi ukirudi kujizongazonga kwenye kijiti chake, taratibu, vizuri kabisa, kana kwamba kitambaa hakijapata kushonwa.

"Mama?"

Akageuka. Ni uso wa mama, mpaka kovu la kidevuni. Akafungua mdomo kusema nami, midomo ikaenda, na hakuna kilichotoka. Nilipiga ukelele nikafumba macho, na uzi mmoja wa gitaa ukakatika. Nilipofumbua macho hapakuwa na mtu. Kikanyagio kilikuwa bado kinapanda na kushuka.

Sijui nilikaa ukutani muda gani na mchi wa kinu mkononi. Jua lilikuwa limepungua mlango ulipofunguliwa, akaingia mama. Akaona cherehani, akaona bati, akafungua mdomo. Midomo ikaenda. Hakuna kilichotoka!

Nikanyanyua mchi. Wallahi nilikuwa nampiga, na hilo hunitesa mpaka leo. Mwanakombo aliyekuwa nyuma yake akanidaka mkono. "Una wazimu? Mama anakuuliza unaumwa na nini, humsikii?"

Dada nilimsikia vizuri. Nilisikia mabangili ya mama, na ndara zake sakafuni. Akaninong'oneza sikioni, nikahisi pumzi yake ya moto. Sauti hakuna. Akalia, nikaona machozi tu. Akaitwa sheikh akasoma, nikanywa makombe, maji yaliyooshea aya za Kurani, siku saba. Bure.

Utaniuliza, je, Jumamosi nilikwenda? Nilikwenda. Mama mwenyewe alisema, kwa kinywa cha Mwanakombo, "Kishatuharibia, basi na akaifanyie kazi." Tukaipakia cherehani kwenye mkokoteni. Nilipokanyaga, ukumbi mzima ulisimama, kisha ukaingia uwanjani kwa pamoja. Yule kijana wa Nairobi aliniangalia kwa mdomo wazi. Katikati ya wimbo wa pili, ndani ya ule mzunguko, nikasikia sauti ya mama safi kabisa. "Baba wee!"

Mara moja.

Na mama yuko nyumbani. Ulimi wangu ulikwisha kuinuka. Niliuuma mpaka nikaonja damu. Nikashusha gitaa mbele ya watu wote, nikang'oa bati, nikaondoka. Bwana Athumani alinifuata hadi nje. "Nafasi ni yako, wewe! Unakwenda wapi?" Nikamwambia mpe kijana. Jumatatu nilirudi kwenye magunia, na gitaa sikulishika tena. Nilidhani nikiitupa ile sauti nitarudishiwa ya mama. Sikurudishiwa.

Mama hakukata tamaa. Miaka kumi na tisa, kila alipotaka kuniita, alikuja kusimama mbele yangu nimwone midomo, akaniita mara tatu, nisije nikaharakisha kuitika tena. Nami niliitika ya tatu. Watu walituona vichekesho.

Siku ya mwisho nilimshika mkono kitandani. Midomo ikaenda: Baba wee. Nikangoja, kama alivyonifunza. Ikaenda tena: Baba wee. Nikangoja. Ya tatu haikuja. Pumzi ilikwisha. Mwanakombo akanitikisa bega, "Mwitikie mama! Mbona humwitikii?" Alikwisha kwenda.

Mara ya kwanza niliharakisha, ya mwisho nikachelewa. Mwana gani huyo?

Sasa umejua kwa nini nilitoka juzi. Ulipokanyaga, kabla hujafika mstari wa pili, nilisikia kutoka kwenye spika yako: "Baba wee!" Sauti yake, baada ya miaka yote hiyo. Mara moja tu. Nimekesha tangu juzi najiuliza, ni yule wa Ijumaa, au ni mama amenimalizia ya tatu yake?

Wewe ungali kijana, basi shika neno langu. Ukijizoeza peke yako mchana, na ukasikia mama yako akikuita ndani ya hiyo sauti, ondoa mguu kwanza, uhesabu. Na mimi nikiwa karibu, usikikanyage kabisa. Nimezeeka, sina tena nguvu za kuuma ulimi. Akiniita tena, nitaitika.