Sauti ya Chaneli Iliyouzwa Mara Mbili

"Narudia tena, mmetuuzia mbuzi kwenye gunia!" Kinyozi alinyoosha wembe kuelekea runinga. "Mimi nilivuta waya wa kebo humu kwa ajili ya Upeo. Habari, tamthilia, mteja anatulia. Sasa naona nini? Magari yanakimbizana kutwa! Mtu akishtuka kitini, wembe wangu unaingia wapi?"

"Kaka, mimi sijauza kitu," alisema jamaa wa kitini, povu limemfika masikioni. "Mimi natangaza tu."

Mtaa mzima ulimwita Upeo, jina la chaneli yenyewe, maana sauti yake ndiyo iliyosema kati ya kipindi na kipindi, "Hii ni Upeo, kaa nasi." Mwenye chaneli alipozeeka akawauzia watu wa matangazo, wakaibatiza Familia. Nao hawakudumu, wakamuuzia tajiri mmoja kijana, naye akaja na lake: Kasi. Wenye mali wakaja, wakaenda, Upeo yupo tu kama kizingiti cha mlango.

Ila safari hii kizingiti kilitikisika. Tajiri alisema neno moja: atakayetaja jina la zamani hewani, afungashe virago. Na Upeo hana ufundi mwingine. Mikono yake haijui hata kukaza skrubu. Anakula kwa mdomo, kwa maana zote mbili.

Asubuhi ile alirekodi vipande vya kuitambulisha chaneli, kimoja baada ya kingine, hadi koo likakauka. Fundi sauti, kaka wa mkewe, akamwambia, "Safi shemeji, vyote vimekaa." Anashuka ngazi, moyo ukampiga paa! Kile cha mwisho alisemaje? Ulimi ulikuwa unakwenda wenyewe. Na shemeji angejuaje? Masikio yake yamelelewa na jina lile lile, ukilitaja haoni ajabu. Akapanda tena mbio. Tajiri huyo, kasimama mlangoni mwa studio, mikono kiunoni. Upeo akageuka kama aliyesahau mwavuli, akaja kukaa hapa, penye runinga.

"Tulia bwana, unatikisa shingo kama kuku!"

"Ongeza sauti kidogo."

"Sauti ya nini? Ya magari?"

"Ongeza tu, kaka, nakuomba."

Kinyozi akasonya, akaongeza. Magari yakaisha, ikatokea ile alama mpya nyekundu, inazunguka. Upeo akashika mikono ya kiti. "Hii ni Kasi, usibaki nyuma." Akashusha pumzi. Likapita tangazo la sabuni. Halafu ikaja sauti yake mwenyewe, nzito, tamu, haina wasiwasi hata chembe: "Hii ni Upeo, kaa nasi."

Jasho likachanganyika na povu. Akawatazama watu wa kwenye benchi. Wako na soga zao, hakuna aliyegeuza hata shingo.

"Umesikia?" alimuuliza kinyozi.

"Nini?"

"Nilichosema hapo."

"Si ndicho unachosema siku zote?"

Upeo akakaribia kucheka. Kumbe labda na tajiri hakusikia. Labda alikuwa msalani. Labda yuko kwenye simu, matajiri hawaishiwi simu. Alikuwa bado anazipanga hizo labda zake pale simu yake ilipotetema chini ya shuka la kinyozi.

"Shemeji," sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyegeukia ukuta. "Anasema uje uchukue vitu vyako. Na mimi nimeambiwa nichukue vyangu, nakungoja, tubebe pamoja."

Ikakatika. Nyumba moja, watu wawili, siku moja. Atamwambia nini mkewe, aanze na habari yake au ya kakaye? Akajiona kwenye kioo: shavu moja safi, la pili jeupe pe.

"Nimalizie, kaka. Nisiende hivi."

Lakini wembe ulishawekwa chini. Huko nje mtu alikuwa anapiga kelele kwamba maji yamefunguliwa.

"Ningoje hapo hapo," alisema kinyozi, akivuta madumu yake uvunguni mwa benchi. "Yakikatika sijajaza, mke wangu atanifanya mimi ndiyo ndoo."

Akatoka mbio, madumu yakigongana, runinga nyuma yake ikianza tena kunguruma magari.