"Supervise" si "Assist"

Katika nyumba ya wazee niliyofanyia kazi kule Rockville, kila mkazi alikuwa na karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati lake la nguo. Muuguzi mkuu ndiye aliyeijaza na kutia sahihi. Sisi wasaidizi tuliifuata. Ikiwa imeandikwa "supervise", unasimama karibu na mzee na kumwangalia akitembea, bila kumgusa. Ikiwa "assist", unamshika. Nilifika Marekani nikiwa na miaka arobaini na tatu na Kiingereza cha kujifundisha mwenyewe, kwa hiyo maneno hayo niliyaandika kwenye daftari na kuyasoma hadi yakanikaa.

Muuguzi mkuu alikuwa Mkenya mwenzangu. Wakati wa chai alipenda kunitania mbele ya wengine.

"Profesa, leo umemeza kurasa ngapi? Ukimaliza hiyo dikshonari si utaanza kutuogeshea wazee kwa Kilatini!"

Walicheka. Mimi nilikunywa chai yangu.

Asubuhi moja bibi wa chumba cha mwisho alianguka akielekea msalani. Nilikuwa hatua moja nyuma yake, sikumgusa, kama karatasi ilivyoagiza. Alivunjika kifundo cha mkono. Kabla ya saa sita muuguzi mkuu alikuwa ameandika ripoti: msaidizi alitakiwa kum-assist, akazembea. Ripoti hiyo ingepita, jina langu lingefutwa kwenye orodha ya wasaidizi wa Maryland, nisiajiriwe tena popote jimboni.

Nilifungua kabati. "Supervise", na sahihi yake chini. Nikatoa nakala, karatasi isije ikabadilika.

Ningeweza kwenda ofisini kwake nikamwonyesha, akasahihisha, yakaisha. Sikutaka yaishe. Nilitaka kwanza aseme, tena mbele ya watu.

Kwenye kikao alichoitisha mkurugenzi wa nyumba kuhusu ajali hiyo, muuguzi mkuu alisema sana juu ya uzembe wangu. Sikumkatiza. Mkurugenzi aliponigeukia, niliomba karatasi ya kabatini iletwe. Ikaletwa, haijabadilishwa; hakuwa amejisumbua hata kuitazama.

"Dada," nikamwuliza, "hapa umeandika nini?"

"Supervise. Si ni kitu kimoja tu?"

"Si kitu kimoja," mkurugenzi akasema, akivua miwani. "Ungetaka amshike, ungemwandikia amshike."

Ripoti iliandikwa upya, safari hii kosa likiwa lake. Cheo alivuliwa wiki hiyo hiyo.

Alinifuata kwenye korido, macho mekundu.

"Kwani ungeniambia mapema ungekufa? Na sisi ni watu wa nyumbani!"

"Ulipokuwa ukiandika ile ripoti, mimi nilikuwa mtu wa wapi?"

Watu kanisani waliniambia baadaye kwamba nilikuwa na moyo mgumu, kwamba ana watoto wanaomtegemea. Hata mimi ninao. Siku ile nilirudi kwenye zamu yangu, na chakula cha mchana nilikila chote.