Machipukizi Matatu ya Bibi

Ulanzi wa asubuhi haunukii kama wa jioni. Wa asubuhi, ule utomvu mtamu wa mianzi tunaouita mtogwa, hunukia majani mabichi na udongo uliolowa. Wa jioni umekwisha kuchachuka na hukukwaruza koo. Nilikuwa na miaka kumi, naishi Iringa kwa bibi yangu mzaa baba, na kifuku kile, mvua zilipokolea, kazi ya kugema ilikuwa yangu. Kila kulipopambazuka niliingia kwenye kichaka chetu cha mianzi nyuma ya nyumba, miguu imelowa umande, nikachonga upya ncha ya kila chipukizi lililokwisha kukatwa, kipande chembamba kama ukucha, kisha nikafunga tena mbeta, kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi. Jioni nikarudia. Nyuki walinitangulia kila mara, na mikono yangu ilinata mpaka wakati wa kulala.

Bibi hakuwa na meno. Mahindi ya kuchoma tuliyoyagombania sisi watoto, yeye aliyanusa tu akacheka. Kitu chake cha kifuku kilikuwa mtogwa: kikombe kimoja cha bati kila asubuhi, amekaa kizingitini, anakunywa taratibu, na hakuongeza cha pili hata mbeta zikifurika. Alikuwa na sheria moja. Kila mwaka alichagua machipukizi matatu yaliyonona, akayafunga vitambaa vya khanga kuukuu, akasema, “Haya hayaguswi, hata akija askofu.” Chipukizi likishakatwa kichwa hutoa maji yake siku kadhaa, kisha hukauka. Yale matatu yaliachwa yawe mianzi, na mianzi hiyo ndiyo ingezaa machipukizi ya miaka ya mbele. Kichaka chetu kilikuwa kimoja tu, tena kidogo.

Baba alikuwa akichimba dhahabu Chunya, na nyumbani alionekana kwa nadra. Mvua zilipokaribia kwisha, dereva mmoja wa lori alitupitishia salamu kwamba angefika Jumamosi. Mianzi niliyokuwa nikigema ilikuwa imechoka. Mbeta mbili hazikujaza hata kikombe. Nilitaka baba anywe mpaka atosheke, na nilitaka ajue ni mimi niliyegema. Basi Alhamisi, bibi akiwa kanisani kwenye kwaya ya akina mama, nilivifungua vile vitambaa na kuyakata yale matatu. Sitasema sikujua. Nilijua vizuri sana.

Baba alikunywa, akawaita na majirani. “Eeh, kumbe nyumbani tuna mgema!” alisema, akanipigapiga begani. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikutia maji, labda kwa sababu Jumatatu mwenye kusifu alikuwa ameshaondoka. Jioni ile bibi aliingia kichakani, akaniita.

“Ni wewe umekata haya?”

“Ndiyo, bibi. Yalikuwa ya baba.”

“Baba yako ameshakunywa, ameshakwenda. Sasa mwakani tumwambie atuletee mianzi ya Chunya, au siyo?”

Chunya, kwenye vumbi lile! Hakunichapa. Ningefurahi angenichapa, tukamaliza.

Kifuku kilichofuata yalichipua machipukizi manne, mawili kati yake membamba. Bibi aliyafunga vitambaa matatu kati yake, akaacha moja ligemwe. Kilichopatikana hakikumtosha mtu, akaamuru tupewe mimi na wadogo zangu. “Kunyweni nyie mnaokua,” alisema, akaketi kizingitini na kikombe chake cha bati, ndani yake chai ya rangi. Mimi mtogwa wangu niliunywea nyuma ya nyumba kwa aibu. Majuto ni mjukuu, na katika nyumba ile mjukuu nilikuwa mimi. Kiangazi hicho bibi aliugua, akafa. Mvua ziliporudi, kichaka kilichipua vizuri mno hata majirani wakaja kugema kwetu.

Siku hizi naishi Mbeya na sokoni nakwenda Mbalizi. Ulanzi naukuta hata mwezi wa nane, kwenye chupa za plastiki, utamu wake ni wa sukari. Mahindi mabichi yapo mwaka mzima, na maparachichi yanachumwa kabla hayajakomaa. Sitaki kujidanganya kwamba zamani kulikuwa kuzuri; kabla ya mavuno tulilala njaa, na njaa ile siitamani. Ila nimechoka. Nimechoka kubeba kikapu cha vyakula ambavyo hakuna aliyevisubiri. Ulanzi nanunua kifuku tu, kwa mama mmoja ninayemuuliza kila mara kama wameacha machipukizi ya kukua. “Dada, unanunua au unakagua?” hunitania, akinipa chupa.

Nikifika nyumbani nakunywa kikombe kimoja, naiweka chupa mbali. Binti yangu huniuliza kwa nini najinyima kitu nilichokinunua mwenyewe. Huwa namwambia kimenitosha. Nikimwambia kwamba namwachia mtu, atataka kujua ni nani, nami nitalazimika kumweleza kuwa mtu mwenyewe alikufa zamani, na kifuku chake cha mwisho alikunywa chai.