Mbwa Aliyekataa Mfupa

Harufu ya dawa ya kuogeshea mbwa ni kali, inang'ang'ania puani kama lami mbichi. Nikiinusa hata leo, najiona nimesimama nyuma ya Baba kwenye ua wa nyumba ya mbwa walioachwa, nimeshika mkanda wake wa polisi, naota mbwa mdogo wa kubeba kifuani.

Baba hakutaka mbwa mdogo. Alitaka mlinzi, maana miaka ile ya utawala wa wanajeshi, wezi walikuwa wakiingia hata kambi ya polisi Nakawa tulikoishi. Akachagua chotara mmoja mtu mzima, masikio ya kizungu, mkia wa mtaani, mvi kidogo mdomoni. Tukamwita Simba, ingawa, niwaambie ukweli, alitembea kwa adabu kama mgeni msibani.

Shida ilikuwa moja: Simba hakula. Baba alipanga foleni kwenye bucha, siku ambazo nyama ilipatikana kwa bahati, akaleta mfupa wenye mafuta yake. Simba akaunusa, akageuza uso.

"Banange! Mbwa gani hii inakataa mfupa?" Mama akasema. "Mimi mwenyewe nameza mate!"

"Ni mgonjwa," Baba akajibu. "Jumamosi narudisha."

Nilijua maana ya kurudishwa. Mwangalizi wa ile nyumba ya mbwa alituambia kwamba mbwa mzee akirudi hatafutiwi nyumba tena, anapigwa sindano ya kummaliza. Basi nikalala chini karibu na Simba, nikamweleza utamu wa mfupa, hata nikajifanya naulamba. Aliniangalia kwa huruma.

Jumamosi ikafika. Baba alipoinama kumfunga kamba, Simba akachomoka. Hakukimbilia barabarani. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yetu Mama Wanjiru, Mkenya, aliyekuwa akipika chapati mlangoni pake, akaketi wima mbele ya jiko, mguu mmoja juu.

"Ala! Afande, njoo uone mgeni wangu!"

Akamrushia kipande. Hakikugusa ardhi. Akamwekea dengu kwenye sahani ya bati. Simba akalamba mpaka sahani ikagonga ukuta.

"Huyu ni mbwa wa Wahindi," Mama Wanjiru akasema, anacheka. "Nilikuwa yaya kwao, kule Kololo. Nyumba ile nyama haivuki mlango, na mbwa anakula wanachokula wenyewe." Kisha sauti ikashuka. "Watakuwa walimwacha walipofukuzwa nchini."

Mimi nilikuwa narukaruka, Simba amepona! Baba hakucheka. Alichuchumaa na sare yake, akamega chapati vipande vidogo, akamlisha kwa mkono. "Kula, mzee," akamwambia. "Kula."

Nilidhani ni uchovu wa kazi. Nilikuwa mtu mzima, Baba ameshazikwa, Mama aliponiambia zamu ya Baba ilikuwa wapi Wahindi walipokuwa wakiondoka: kwenye kizuizi cha barabara ya Entebbe, njia ya uwanja wa ndege, akifungua masanduku yao. Siku moja mtoto wa rika langu alimshika mkono, akamwomba aende kumlisha mbwa wao aliyebaki nyumbani. Foleni ilikuwa ndefu, wanajeshi wanatazama. Baba akamwambia apite.

Nyumba ilikuwa mtaa gani, hakuuliza.